Mchezaji Mkorofi: Tumfukuze au Tumfunze?

Haya ni maneno ya mwalimu mstaafu wa mpira wa miguu, aliyoyasema mbele ya wazazi na vijana huko Kanja, Embu.



Miguu yangu haiwezi tena kuufuata mpira, lakini ulimi bado una kazi. Leo nataka kusema juu ya mchezaji mkorofi, yule aujuaye mpira kuliko wenzake, lakini hasikii la mtu.

Yafaa nianze kwa kukiri kosa langu. Zamani, nilipokuwa nikifundisha timu, kijana mmoja alimtukana refa, akapewa kadi nyekundu. Jioni ile nilimvua jezi mbele ya wenzake, nikamwambia asirudi tena. Watu wakanisifu kwa ukali wangu. Kijana hakurudi. Baada ya miezi michache nilimkuta penye kibanda cha pombe haramu, saa nne asubuhi, wala hakunitambua. Mpaka leo najiuliza: je, nilimwadhibu, au nilimtupa?

Kadi hizi za rangi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia huko Mexico, mwaka 1970. Ni jambo jema, maana mchezo usio na sheria ni vita. Lakini kadi nyekundu humwamuru mchezaji atoke uwanjani tu; haimwambii aende wapi. Kumwonyesha njia ni kazi yetu sisi wakubwa.

Wako waliolifikiri jambo hili vyema. Mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA kilianzishwa katika mtaa wa Mathare, Nairobi. Watoto walicheza mpira, tena walizoa takataka za mtaa wao, na timu iliyofanya usafi ilipata pointi katika ligi kama iliyoshinda mechi. Mchezaji aliyepewa kadi nyekundu hakuachwa akae nyumbani akinung'unika. Alitakiwa kwanza kuchezesha mechi za watoto wadogo, yeye akiwa refa, ndipo arudi kucheza. Katika chama hicho ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Basi adabu haikuwazuia kushinda.

Nilipostaafu na kurudi huku kwenye kahawa yetu, nililetewa kijana wa miaka 17. Baba yake alikuwa amefariki, naye alikesha akitafuna muguka. Alikuwa amempiga mwenzake ngumi uwanjani, na kamati ilitaka kulifuta jina lake. Nikaomba nipewe mwezi mmoja. Nikampa filimbi, nikamwambia achezeshe watoto wa shule ya msingi kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza, mtoto wa miaka 10 alimwita mwizi kwa sababu ya penalti. Nikaona ngumi ikikunjwa. Akanitazama, nikanyamaza. Kisha akaukunjua mkono, akauweka mpira mahali pake, akapiga filimbi. Mchezo ulipokwisha alikuja kuketi karibu nami, akasema, "Mwalimu, kumbe refa naye huumia." Sikuwa na la kuongeza.

Kijana huyo hakuitwa katika timu ya taifa, nami sitawadanganya kwamba tabia yake ilinyooka kwa siku moja. Mara mbili alikosa kuja, nami nikaenda kumwamsha kwao. Leo ni seremala, na siku za Jumamosi bado anaivaa ile filimbi shingoni.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, adhabu iwe na mwisho, na kijana aujue mwisho huo. Pili, apewe kazi yenye heshima wakati anapotumikia adhabu. Tatu, aonywe kando, si mbele ya wenzake, maana aliyeaibishwa hadharani hutafuta heshima yake penye watu wabaya.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini hukunjwa kwa mkono, hakunjwi kwa nyundo. Kijana wangu wa kwanza nilimpiga nyundo. Ninyi mnao wenu hapa. Msingoje mpaka mzeeke ndipo mjifunze.