Ubongo na Ulinzi wa Damu Yake

Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka



Mwaka huu mzee mmoja wa chama chetu alianguka mlangoni pa nyumba yake. Alikuwa amekaa siku tatu bila kumeza vidonge vya presha; kisha, akiogopa kukemewa siku ya kliniki, akavimeza vyote vya siku zile kwa mara moja. Wengi walisema ni uzee tu. Sisi wa halmashauri ya afya tuliwauliza madaktari, na twaona yafaa tuwaeleze tuliyojifunza.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hupokea karibu sehemu 15 katika 100 za damu yote isukumwayo na moyo. Nao hauna akiba. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia kabla ya sekunde 15 kupita. Kwa hiyo ubongo una ulinzi wake wenyewe. Presha ipandapo, mishipa yake midogo hujibana. Ishukapo, hujitanua, hata damu ipitayo ikabaki karibu kadiri ile ile, mfano wa mzee wa mfereji afunguaye na kuziba maji shambani. Tena mwaka 1890 Roy na Sherrington, mabingwa wa Uingereza, walieleza kwamba sehemu ya ubongo ifanyayo kazi huletewa damu zaidi. Hata sasa, mnapotusikiliza, jambo hilo latendeka. (Wanaosinzia watatusamehe.)

Lakini ulinzi huo una mipaka. Mtu akikaa na presha ya juu miaka mingi, kuta za mishipa ile huwa nene, na mipaka yote husogea juu. Presha iliyo ya kawaida kwa kijana yaweza kuwa ndogo mno kwake ikija kwa ghafula: mishipa imekwisha kujitanua hadi mwisho, na damu haitoshi. Ndivyo alivyoanguka mzee wetu. Daktari, yeye, aghalabu huishusha presha polepole, kwa majuma, ili mipaka nayo ipate kurudi chini.

Basi twawaomba wazee: aliyesahau vidonge asivilimbikize, bali aulize kliniki. Aamkaye usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Na mdomo ukipinda, au mkono ukilegea kwa ghafula, msingoje kupambazuke. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Nauli ya gari la usiku italipwa na mfuko wa chama, na mweka hazina amekwisha kukubali.