Jina Lako la Pili ni Nani?

(Mazungumzo ya asubuhi, yaliyosomwa redioni na mwanafunzi wa Ngoingwa, Thika)

Mimi ni mwanafunzi, na kwetu ni Ngoingwa, hapa Thika. Sina elimu ya kuwafundisha ninyi wazazi wangu mlionitangulia. Nimeombwa niwaeleze nilichojifunza katika safari moja ya shule, nami nitakisema kama kilivyokuwa, hata pale panaponitia haya.

Ilikuwa Agosti 2023, wakati wa likizo, nami nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunakwenda Rwanda kwa basi. Siku chache kabla ya kuondoka, mwalimu alitusomea orodha ya vyumba vya kulala, wasichana wawili wawili. Mimi niliwekwa pamoja na msichana wa darasa la pili yetu, ambaye sikumjua vizuri. Basi nikamwuliza rafiki yangu kwa sauti ya chini, "Jina lake la pili ni nani?"

Ninyi wasikilizaji mnalijua swali hilo. Jina la kwanza ni la ubatizo, nalo halitwambii neno. La pili ndilo hutwambia mtu ametoka wapi. Rafiki yangu akanitajia. Nikaenda kwa mwalimu nikamwomba anibadilishie chumba, nikisema kwamba mimi na rafiki yangu tumezoeana. Mwalimu alikuwa na kazi nyingi, akabadilisha bila kuuliza. Sababu yenyewe niliijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Tuliondoka Thika jioni. Tulivuka mpaka wa Malaba alfajiri, tukauona Mto Nile pale Jinja, tukapita Kampala na Mbarara, na usiku wa pili tukavuka mpaka wa Katuna. Huko dereva alihamia upande wa kulia wa barabara, nasi tukapiga kelele kwa woga, kisha tukacheka. Hayo ya njiani ni mengi, lakini sikuja kuwaeleza hayo.

Asubuhi tulipelekwa Gisozi, mahali pa ukumbusho mjini Kigali, ambapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mauaji yale yalidumu siku kama 100 tu. Huko niliona vitambulisho vya zamani. Wakoloni Wabelgiji ndio waliovianzisha katika miaka ya 1930, na juu ya kila kimoja liliandikwa kabila la mwenyewe. Mwaka 1994 mtu alisimamishwa kwenye kizuizi barabarani, akaambiwa atoe kitambulisho. Neno moja lililoandikwa pale liliamua kama atafika nyumbani au hatafika. Hata redio, chombo hiki hiki ninachotumia kusema nanyi, ilitumiwa kuwaita watu mende na kutangaza majina yao ili wauawe.

Tulikwenda pia Nyamata, kusini ya Kigali, katika kanisa ambalo maelfu ya watu walikimbilia wakidhani hapo hakuna atakayewagusa. Nguo zao zimewekwa pale juu ya mabenchi. Niliona gauni dogo la mtoto, nikatoka nje. Waliouawa na waliowaua, wengi wao walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale.

Lakini neno lililonipata mimi hasa ni lile la Nyange. Nyange ni mahali palipo na shule ya sekondari, magharibi ya nchi ile. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji makubwa, wanafunzi walikuwa madarasani wakisoma masomo ya jioni. Watu wenye silaha wakaingia. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wakakataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Ndipo wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono. Wengine walikufa, wengine wakabaki na vilema mpaka leo. Rwanda imewahesabu wanafunzi hao wote, waliokufa na walio hai, kuwa mashujaa wa taifa.

Ndugu msikilizaji, wale walikuwa wanafunzi kama mimi. Waliamriwa kutengana mbele ya mtutu wa bunduki, wasikubali. Mimi hakuna aliyeniamuru. Hakuna aliyenishikia bunduki wala kunitisha. Nilijitenga mwenyewe, tena niliomba ruhusa kwa mwalimu kwa adabu.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikaondoka nikaenda kubisha katika chumba cha yule msichana. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeomba kubadilishiwa chumba, na sababu yake ilikuwa jina lake. Hakukasirika. Aliniambia kwamba alijua tangu siku ile, maana alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni. Kisha akasema, "Hata nyumbani tulipokuwa tukitafuta nyumba ya kupanga, tuliulizwa hivyo hivyo." Nilimwomba msamaha. Akanyamaza kwa muda, akasema amenisamehe, lakini nisimwulize mtu mwingine tena.

Wapenzi, hapa kwetu Ngoingwa tunaishi watu wa kila pembe ya Kenya. Tunapanga katika ploti moja, tunachota maji katika mfereji mmoja, na Jumapili tunaimba pamoja. Kitambulisho chetu cha Kenya hakiandiki kabila. Je, hatukujiandikia wenyewe katika ndimi zetu? Mgeni akija kutafuta chumba, je, twauliza kwanza kama ni mtu mwaminifu, au twauliza jina la pili? Kijana akileta mchumba nyumbani, neno la kwanza la wazazi ni lipi?

Msiseme kwamba Rwanda ni mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa katika nchi yetu wenyewe. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo kina mama na watoto waliokimbilia huko. Kabla ya moto kulikuwa na maneno. Watu waliitwa madoadoa, yaani mawaa ya kufutwa. Na kabla ya hilo kulikuwa na swali dogo tu, lile nililomwuliza rafiki yangu.

Mnakumbuka habari za yule Msamaria. Alimkuta mtu njiani amepigwa na kuachwa karibu kufa. Hakusimama kumwuliza jina la baba yake. Alimfunga jeraha zake, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Tena wale waliopita kando ndio waliokuwa watu wa taifa lake yule aliyejeruhiwa.

Basi leo utakutana na mtu usiyemjua, garini, sokoni au mlangoni pako. Swali lile likikujia ulimini, lizuie. Umwulize kama amekula, au anakwenda wapi, au umsaidie nini.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyetuumba sote, utusamehe kwa watu tuliowatenga kimya kimya. Utupe moyo wa wale wanafunzi waliokataa. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na siku yenu iwe njema.