Njia ya Emau na Njia ya Old Moshi

Dominika ya Tatu ya Pasaka, Mwaka A
Injili: Lk 24:13-35



Mjini Roma, katika karne ya 16, Mtakatifu Filipo Neri alizoea kuwaongoza waamini kwa miguu kuyazuru makanisa 7. Hata leo wako mahujaji wanaoifuata njia hiyo wenyewe, kitabu kidogo mkononi. Wengi wetu twatamani kufika huko kabla ya kufa. Ni tamaa njema. Lakini je, njia za nyumbani kwetu tumezitembea?

Sisi tulijaribu. Tulitoka Soweto alfajiri, tukasali kidogo katika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, kisha tukafika stesheni ya reli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na makao ya serikali ya Kijerumani yakashushwa kutoka mlimani yakawekwa karibu nayo. Kumbe mji huu tunaouita Moshi ni mtoto. Mama yake yuko juu, Old Moshi. Basi tukashika njia ya kupanda, kati ya migomba na mibuni, hata tukafika Tsudunyi.

Hapo, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Mangi Rindi. Pamoja naye walinyongwa Mangi Molelia wa Kibosho, mwana wa Mangi Sina, Mangi Ngalami wa Siha, na wengine. Wazao wa Meli wamekitafuta kichwa chake huko Ujerumani kwa miaka mingi.

Tulisimama kimya. Lakini kilichotuchoma zaidi ni jambo lililotangulia. Rindi na Sina walikuwa mahasimu. Mwaka 1891 Wajerumani walipokwenda kumpiga Sina, wapiganaji wa Rindi walikwenda pamoja nao. Miaka 9 baadaye mwana wa Rindi na mwana wa Sina walikufa pamoja, kwa mkono uleule. Uadui wa baba zao haukumwokoa hata mmoja.

Ndugu wapendwa, wale wanafunzi wawili walikuwa wakiuacha mji alimouawa Bwana wao. Walipoulizwa na Mgeni, walistaajabu kwamba yuko mtu asiyejua yaliyotukia. Sisi tuko kinyume chao: ni wenyeji tusiojua. Twapita, hatuulizi. Lakini tazameni alivyofanya Yesu. Hakuwaambia wasahau. Aliwafafanulia Maandiko mpaka mateso yale yakapata maana. Na alipoumega mkate, macho yao yakafumbuliwa. Saa ileile wakarudi Yerusalemu, palepale walipokuwa wakipakimbia.

Hapa Soweto tumekusanyika watu wa Kibosho, wa Old Moshi, wa Machame, wa Rombo na wa Upare. Twaketi benchi moja kanisani. Hata hivyo, wako ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Yuko anayemtafuta mkubwa fulani ofisini ili amkomeshe jirani yake. Ndugu, ukimwazima mwenye nguvu fimbo ampige jirani yako, usidhani fimbo hiyo itarudi kwako kwa amani. Itarudi mgongoni mwako, au mgongoni mwa mwanao.

Nanyi makatekista, tunawaomba jambo moja. Kabla ya Kipaimara, wapelekeni watoto kwa miguu hadi Old Moshi. Hahitajiki kiongozi wa watalii. Wawaamkie wazee kwa adabu, waulize, wasikilize. Na njiani waisome Injili hii ya leo.

Wazee wetu walituachia jani la isale. Aliyekosa alilichuma, akalipeleka kwa aliyemkosea, na ilikuwa vigumu mno jani hilo kukataliwa. Wahenga hao wengi wao walikuwa hawajaisikia Injili. Sisi tunaoumegewa mkate kila Dominika tutajitetea kwa neno gani? Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke yule mmoja asiyesalimiana naye. Achume jani, ashike njia kwa miguu, apige hodi. Njia ni fupi, huenda ni ya kuvuka mfereji tu. Lakini tusipoianza sisi, watoto wetu watairithi ikiwa ndefu zaidi.

Kristo Mfufuka atembee nanyi, leo na siku zote. Amina.