Virusi Vinavyobeba Jeni: Funzo la Saratani ya Kibofu



Wengi wetu tuliomo humu tumeshadungwa virusi vilivyobebeshwa jeni. Chanjo ya Korona ya Johnson & Johnson, iliyozinduliwa Tanzania Julai 2021, ilitengenezwa kwa virusi vya adeno, jamii ya vile vinavyoleta mafua, vikanyimwa uwezo wa kuzaana. Tiba ya jeni ya saratani hutumia ufundi huohuo. Kinachosumbua ni namna ya kuufikisha mzigo kwenye uvimbe.

Kupitia damu ni vigumu. Ini hunasa sehemu kubwa ya virusi hivyo, na kinga ya mwili huvishambulia, hasa aina ya 5, ambayo Waafrika wengi wameshakutana nayo tangu utotoni. Septemba 1999, katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa kurithi wa ini, alipewa dozi kubwa kupitia mshipa uingiao kwenye ini. Kinga yake ililipuka mwili mzima, na siku 4 baadaye akafariki. Hakuwa na saratani, lakini kila anayeingia kwenye fani hii anapaswa kulijua jina lake.

Ndiyo maana nakitazama kibofu cha mkojo kwa matumaini: kinafikika kwa mpira tu. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha Adstiladrin, virusi vya adeno vyenye jeni ya interferoni (protini ya kinga ya mwili), kwa saratani ya utando wa ndani wa kibofu isiyosikia tiba ya BCG (ndiyo, BCG ileile inayoacha kovu mikononi mwa watoto wetu). Mgonjwa huingiziwa mililita 75, akakaa nazo saa moja huku akigeuka ubavu huu na ule ili dawa iguse kila pembe. Imechanganywa na kemikali inayofungua ute unaolinda ukuta wa kibofu; bila hiyo virusi havipenyi vizuri. Seli zilizoingiwa huanza kutengeneza interferoni zenyewe. Dozi hurudiwa kila miezi 3.

Kati ya wagonjwa 98 wa majaribio ya dawa hiyo, asilimia 51 hawakuonekana tena na saratani, na asilimia 46 ya hao walibaki hivyo mwaka mzima au zaidi. Si haba, kwa watu waliokuwa wakikabiliwa na upasuaji wa kuondolewa kibofu.

Hata hivyo, tusikimbilie kuiagiza. Saratani ya kibofu inayotokana na kichocho, tunayoiona Kanda ya Ziwa, mara nyingi ni ya seli bapa, na mgonjwa hufika ikiwa imeshazama kwenye misuli. Dawa ya utandoni haitaifikia. Ombi langu ni kwamba hospitali za rufaa zitunze vipande vya uvimbe huo, na maabara za patholojia zipime kama seli zake zina kipokezi ambacho virusi vya adeno hushikia. Jibu hilo ndilo litakalotuambia ni kirusi gani cha kuanzia.