NASAHA YA AFYA: HOMA YA CHIKUNGUNYA NA MAJI YAWEKWAYO MAJUMBANI
(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Homa iambatanayo na maumivu makali ya viungo si ngeni katika visiwa hivi. Mwaka 1870 yalienea Unguja maradhi ambayo watu wa zama hizo waliyaita kidingapepo. Daktari James Christie, aliyekuwapo wakati huo, aliyaandika, na baadhi ya wataalamu wanaona kuwa huenda yalikuwa chikungunya.

Jina hilo limetokana na Kimakonde, na maana yake ni kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Virusi vyake viligunduliwa katika mripuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Newala. Huko maji yalikuwa ya shida, nayo yalichotwa mbali na kuwekwa akiba ndani ya nyumba.

Mwaka 2004 hali kama hiyo ilitokea Lamu. Ukame ulipozidi, wakaazi waliweka maji katika mitungi na mapipa, na mbu wakapata mazalio. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa kiasi cha robo tatu ya wakaazi walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2005 maradhi yalifika Ngazija, kisha Réunion, ambako hadi mwaka 2006 zaidi ya theluthi ya watu waliugua. Mgonjwa husafiri kwa boti au ndege, lakini maradhi hayaenei asipokuwapo mbu wa kuyapokea.

Mbu huyo ni mweusi mwenye mabaka meupe. Hauma mchana, hasa asubuhi na alasiri; kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho ni ngao dhidi ya malaria, peke yake hakitoshi. Hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na yakifikiwa na maji huanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi, bali chombo hakina budi kusuguliwa.

Dalili ni homa ya ghafla, maumivu ya viungo, kichwa na misuli, pamoja na vipele. Wafao ni wachache, lakini wazee na watoto wachanga wamo hatarini zaidi. Maumivu ya viungo huweza kudumu kwa miezi, hata mtu akashindwa kulima, kuvua au kushika kalamu.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa:

1. Kufunika barabara mitungi, mapipa na matangi, na kuvisugua vyombo vya maji kila wiki.
2. Kuondoa vifuu, makopo na mipira ya gari iliyotupwa.
3. Kuvaa nguo ndefu mchana, na kumlaza mgonjwa ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue virusi kwake.
4. Kwenda kituo cha afya kupimwa. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji mengi na hupewa parasetamoli. Aspirini isitumiwe kabla ya kuhakikishwa kuwa si homa ya dengi, kwani huweza kuzidisha kutoka damu.

Wakuu wa ofisi na skuli nao wanakumbushwa kukagua matangi na nyua zao kila wiki. Jirani mmoja akiacha pipa wazi, mtaa mzima huumwa.