Imani Inapita Mkono kwa Mkono

Somo: 2 Timotheo 2:1-2



Paulo aliandika barua hii akiwa kifungoni, akijua kwamba saa yake ya kufa imekaribia. Mtu wa namna hiyo haandiki maneno ya bure. Anamwagiza Timotheo kwamba mafundisho aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Hesabuni pamoja nami: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja!

Timotheo mwenyewe alipokea wapi? Kwanza nyumbani, kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (1:5). Baba yake alikuwa Myunani, lakini wanawake hao walimfundisha mtoto Maandiko tangu utoto. Wewe mama unayeomba peke yako nyumbani, usikate tamaa. Kisha Paulo akamchukua safarini. Timotheo alijua mafundisho yake, tena alijua mwenendo wake na mateso yake (3:10-11). Mwanafunzi hajifunzi kwa masikio tu. Anatazama vile unavyolipa deni, vile unavyosema na mke wako, vile unavyoomba wakati mfuko ni mtupu.

Sisi Wapentekoste wa Kongo tunajua jambo hili. Mwaka wa 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika Katanga. Watu wawili wasingeweza kufika kila kijiji. Kazi ilienea kwa sababu Wakongo walioamini walifundishwa, nao wakapeleka Neno kwa watu wao. Mwaka wa 1960, machafuko yalipowaondoa wamisionari wengi, makanisa hayakufa. Yalikuwa tayari na wenyeji wa kuyachunga.

Lakini leo tuna ugonjwa. Tunafanya kampeni ya Injili, watu wanakuja mbele, majina yanaandikwa katika daftari, halafu daftari linalala sandukuni. Baada ya miezi sita tunauliza: wako wapi? Ndugu zangu, tumewazaa, hatukuwanyonyesha. Na vita inapotawanya kanisa, mmoja anajikuta kambini, mwingine katika mji wa ugeni, bila mchungaji, bila kwaya. Hapo ndipo inaonekana nani alifundishwa kusimama, na nani alikuwa akiegemea mimbari.

Mwingine atasema: «Mimi sikusoma Chuo cha Biblia.» Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona hema (Matendo 18:3). Hata hivyo walimchukua Apolo, mtu hodari katika Maandiko, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (18:26). Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimkaribisha kwao.

Basi tufanye nini? Juma hili, chagua mtu mmoja: mtoto wako, jirani, au yule aliyeokoka mwezi uliopita. Wekeni siku moja katika juma. Someni Injili ya Marko, sura moja kila juma. Sura ni 16, kwa hiyo ni karibu miezi minne tu. Kila mara mwulize: Umeona nini juma hili kuhusu Yesu? Utatii nini? Utamwambia nani? Ukienda kumtazama mgonjwa, mchukue. Ukifunga na kuomba, mwalike. Na mkimaliza sura ya 16, usimshike mkononi kama mali yako. Mtume, naye akatafute wake. Hapo ndipo kizazi cha nne kitapatikana.

Bwana alipopaa hakuacha nyumba ya ibada hata moja. Aliacha wanafunzi, akawaagiza wafanye wengine (Mathayo 28:19-20). Wewe ulipokea kwa mtu. Jiulize leo mbele za Mungu: nani amepokea kwako?

Tuombe: Baba, tupe mtu mmoja, na utupe uvumilivu wa kutembea naye. Katika jina la Yesu. Amina.