Upya wa Lenzi Hauthibitishwi na Maneno ya Muuzaji

Askari anapokabidhiwa bunduki ghalani hatosheki kuambiwa kwamba ni nzima. Huitazama namba iliyochongwa juu ya chuma, akailinganisha na ile iliyoandikwa daftarini, ndipo akatia sahihi. Polisi naye akiisimamisha pikipiki karibu na soko la Custom haridhiki na kadi peke yake. Huinama akaisoma namba ya fremu. Hakuna anayeuona ukaguzi huo kuwa ni matusi. Ni utaratibu wa kazi, na kila mtu mwaminifu hunufaika nao.

Basi katika mazungumzo yetu ya leo tunauliza: kwa nini askari huyo huyo, anapotoa akiba yake ya miezi kadhaa kununua lenzi ya kamera kwa njia ya intaneti, huipokea na kuifunga kwenye kamera bila kusoma hata namba moja?

Swali hili si dogo. Kamera leo ni chombo cha kazi. Picha ya ajali iliyotokea katika barabara ya Nimule, ikiwa namba ya gari inasomeka na alama za breki zinaonekana, ni kielelezo mbele ya hakimu. Picha hiyo hiyo ikipigwa kwa lenzi yenye kuvu ndani ya vioo huweza kugeuka kuwa ukungu, na shauri la haki likadhoofika. Tena wako ndugu zetu ambao siku za mapumziko hupiga picha za harusi na ubatizo ili wapate karo ya watoto. Kwao, lenzi mbovu ni shamba lililoliwa na nzige.

Itakumbukwa pia kwamba Juba haina bandari ya bahari. Mzigo unaotoka ng'ambo kwa meli hushushwa Mombasa, ukapita Malaba, Kampala na Gulu, ukavuka mpaka baina ya Elegu na Nimule, kisha ukamaliza kilomita 192 za barabara ya lami iliyokamilika mwaka 2012. Hata unaokuja kwa ndege aghalabu hupitia kwa wakala Nairobi, Entebbe au Dubai. Kila mkono unaoupitisha mzigo ni nafasi nyingine ya sanduku kufunguliwa, na kila kilomita ni gharama nyingine ya kuurudisha. Mnunuzi wa London aliyedanganywa hurudisha kitu chake kwa posta kesho yake. Mnunuzi wa Juba hana wepesi huo. Kwa hiyo ni lazima macho yake yawe makali zaidi.

Jambo la kwanza ni kufahamu maana ya neno "mpya". Iko lenzi iliyotoka kiwandani ikauzwa mara moja tu. Hiyo ndiyo mpya. Iko iliyorudishwa na mnunuzi, ikatengenezwa na kuuzwa tena. Iko iliyokaa dukani kwa maonyesho, ikashikwa na mikono mia. Iko pia iliyo mpya kabisa lakini iliyokusudiwa kuuzwa katika nchi nyingine, ambayo dhamana yake huenda isikubaliwe mahali ulipo. Kuuza lenzi ya namna hizo tatu za mwisho si kosa, mradi muuzaji aseme kweli na bei ilingane na hali. Kosa huanza pale kitu kilichotumika kinapovishwa jina la kitu kipya.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma maelezo yote, hata yale ya maandishi madogo. Katika masoko makubwa ya mtandaoni kama Amazon na eBay, wauzaji ni wengi chini ya paa moja. Jina la soko si jina la muuzaji. Tazama ni nani hasa anayekuuzia, na ana siku ngapi za kukubali kurudishiwa mali. Mwombe akuletee picha ya namba ya lenzi na picha ya upande wake wa nyuma. Mwuza kweli hana sababu ya kukataa. Na bei ikiwa nusu ya ile ya wauzaji wengine wote, jiulize hiyo nusu nyingine italipwa na nani.

Mwandishi wa mazungumzo haya amelipia somo hili. Aliagiza lenzi ya milimita 50 kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja kupitia Kampala. Kwa furaha alichana sanduku, akatupa karatasi zake, akaenda kupiga picha harusi mbili. Wiki ya tano ndipo alipoisoma namba ya lenzi na kuona kwamba si ile iliyoandikwa sandukuni. Muuzaji alijibu kwa upole kwamba siku za kurudisha zimepita. Hasira ilikuwepo, lakini ushahidi haukuwepo. Mwenyewe alikuwa ameutupa jalalani.

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnajua zaidi kuliko raia yeyote kwamba mahali pa tukio hulindwa kabla ya kukanyagwa. Sanduku la lenzi ni mahali pa tukio. Lipige picha pande zote kabla halijafunguliwa, kisha mwambie mwenzio akurekodi kwa simu unapolifungua. Utepe wa kufungia usiutegemee mno: masanduku mengine hutoka kiwandani bila utepe, na utepe uliobanduliwa huweza kubandikwa tena. Soma namba ya utambulisho iliyo juu ya lenzi, kisha soma iliyo juu ya sanduku, na ile ya kadi ya dhamana kama imeandikwa. Zote ziwe moja. Zikitofautiana, simama hapo, usiendelee kuitumia.

Zikiwa sawa, endelea na mwili wa lenzi. Ondoa kifuniko cha nyuma, utazame kikuku kinachoshikana na kamera. Lenzi iliyofungwa na kufunguliwa mara nyingi huwa na mikwaruzo ya mviringo juu ya chuma hicho, na vijichuma vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme huwa na mistari ya kusuguliwa. Tazama skrubu: kichwa kilichochubuka ni alama ya bisibisi, na bisibisi haiingii katika lenzi mpya bila sababu. Tazama mpira wa kushikia kama umefifia rangi au umelegea. Tazama mbele, pale pa kufungia kichujio, kama hesi zimekwaruzika.

Kisha ingia chumba chenye giza ukiwa na tochi. Pitisha mwanga ndani ya vioo kwa pembeni. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huota katika lenzi iliyokaa muda penye unyevu. Mafuta juu ya vijibamba vinavyopanua na kubana njia ya mwanga nayo ni dalili mbaya. Hatimaye ifunge kwenye kamera, upige ukuta wenye maandishi, na uone kama pembe zote nne zinasomeka sawasawa. Katika kamera nyingi za kisasa, faili la picha hutunza jina la lenzi, na baadhi hutunza hata namba yake; ilinganishe na ile uliyoisoma kwa macho.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Kamera nyingi huhesabu picha zilizopigwa, kama gari linavyohesabu kilomita. Lenzi ya kawaida haina hesabu hiyo. Hakuna mahali utakapobonyeza ikuambie imetumika mara ngapi. Ndiyo maana ushahidi wake hukusanywa kidogo kidogo, dalili baada ya dalili.

Na kwa kuwa ni dalili, zipimwe kwa haki. Chembe moja ya vumbi ndani ya kioo si hatia. Hata lenzi mpya huweza kuwa nayo. Alama hafifu moja kwenye kikuku huenda ilitokana na majaribio ya kiwandani. Hakuna hakimu mwema anayemfunga mtu kwa dalili moja. Lakini namba zikitofautiana, kikuku kikiwa kimekwaruzika, na kadi ya dhamana ikawa haipo, hayo si mambo ya bahati tena.

Ukishajiridhisha kwamba umedanganywa, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, umpelekee picha na rekodi yako, nawe utaje lile unalolitaka: kurudishiwa fedha au kupewa lenzi nyingine. Ikiwa ulinunua kupitia soko kubwa, peleka malalamiko kwa soko lenyewe kabla siku hazijaisha. Ikiwa wakala alikuwepo sanduku lilipofunguliwa, mtake atie sahihi kwamba ameshuhudia.

Tunafikia sasa neno zito kuliko yote. Mtu aliyedhulumiwa huwaka moto, na mtu mwenye sare na silaha akiwaka moto, moto huo huunguza wengi. Kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo hakuufungasha yeye. Mchuuzi wa Konyokonyo aliyepokea sanduku kwa niaba yako huenda hajui lenzi ni nini. Kumkamata, kumpiga au kumnyang'anya bidhaa zake ili kufidia fedha zako ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu imefanywa kwa jina la dola. Yeye hana wa kumshitakia ikiwa anayemdhulumu ndiye mlinzi wake. Askari aliyedanganywa ni mlalamikaji kama mlalamikaji mwingine yeyote: huvua sare, huchukua picha zake na risiti yake, akaenda kituoni kuandikisha shauri, akangoja zamu yake katika benchi lile lile wanalokalia raia. Na hapo ndipo raia watakapoamini kwamba benchi hilo ni la haki.

Wengi wetu tulijifunza Kiswahili tulipokuwa wakimbizi Kenya na Uganda, na pamoja na lugha tulijifunza mithali isemayo kwamba majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo huja baada ya sanduku kutupwa, baada ya siku kupita, na baada ya mkono kuinuliwa juu ya mtu asiye na kosa. Tusimngoje. Tusome namba kwanza, kama tunavyoisoma ghalani kila asubuhi. Na tunapodai haki yetu, tuidai kwa karatasi.